Divai ya Juu ya Chanja

Kwa watengenezaji wengi wa divai, zabibu ikishaiva na kuchumwa hukamuliwa upesi. Katika vilima vya Valpolicella, kaskazini mwa Verona nchini Italia, vichala bora vya Septemba na Oktoba havikamuliwi. Hupandishwa darini, vikalazwa juu ya chanja na kuachwa vinyauke kwa miezi mitatu au minne. Divai itakayotoka humo ni Amarone, nyekundu, nzito, yenye kilevi cha asilimia 15 au 16.

Kazi yote ya kiangazi inaweza kupotea kwa uvivu wa mchumaji. Hutakiwa kichala chenye punje zilizoachana ili upepo upenye. Kilichosongamana huenda kwenye divai ya kawaida. Punje moja iliyopasuka inatosha kuambukiza jirani zake. Corvina ndiyo zabibu kuu, kwa kuwa ganda lake nene huvumilia kukauka bila kuoza. Corvinone na Rondinella huisindikiza. Vichala hupangwa safu moja, visilaliane. Chanja za zamani zilikuwa za mianzi, na zilitumika pia kufugia viwavi wa hariri. Leo wengi wana makreti ya plastiki na feni, na baadhi ya wapenzi wa mambo ya kale hununa. Mimi sinuni. Unyevu wa vuli hausubiri mtu amalize kusifu mila, na ukungu ukishaingia darini huenda na kila kitu.

Kufikia Januari, kilo 100 zilizopanda zimebaki 60 au 70. Maji yameondoka, sukari, rangi na ukakasi vimebaki vimejibana ndani ya punje iliyokunjamana kama tende. Ninachokistahi hapa ni moyo wa mtu anayekubali kupoteza theluthi ya mavuno yake kabla hajapata tone moja la kuuza.

Kisha huja uchachukaji, nao hauna haraka. Baridi ni kali, sukari ni nyingi, na hamira hujikokota kwa mwezi mzima, pengine zaidi. Ikisita njiani, sukari hubaki na divai huwa tamu: hiyo ni Recioto, ndugu mkubwa wa Amarone, inayojulikana tangu zamani. Husimuliwa kuwa mwaka 1936, huko Negrar, humo humo Valpolicella, pipa la Recioto lilisahauliwa likaendelea kuchachuka hadi utamu ukaisha, na Amarone ikazaliwa. Hadithi za mapipa yaliyosahauliwa hunitia shaka. Wenye mapipa huwa hawasahau.

Sheria hudai Amarone ikae angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, na minne kwa ile ya Riserva. Giuseppe Quintarelli, mtengenezaji wa divai wa Negrar aliyefariki mwaka 2012, aliiona hiyo michache mno. Yake ilikaa kwenye mapipa makubwa ya mwaloni miaka saba hivi, na bei yake ilifuata subira hiyo.

Ukipata Amarone, ifungue saa kadhaa kabla ya kula, au imimine kwenye jagi pana ipate hewa. Nyuzi 18 zinatosha. Anayekuambia uinywe katika joto la chumba hajawahi kukaa Dar es Salaam. Huja na harufu ya cheri zilizokaushwa, kakao na tumbaku, kisha uchungu mdogo mwishoni ambao ndio unaokurudisha kwenye glasi. Inataka nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole, au jibini la Monte Veronese lililokomaa. Wenyeji huipikia hata wali. Samaki wa kuchoma, hapana: itammeza.

Makapi yaliyobaki baada ya kuichuja Amarone hayatupwi. Divai nyepesi ya Valpolicella humiminwa juu yake, ikachachuka tena na kujichotea uzito na harufu. Huitwa Ripasso, na bei yake ni nafuu sana. Kwa anayeanza kuijua divai ya vilima hivi, ningemshauri aanzie hapo.