Jahazi, Shwari na Matanga: Uhakiki wa Majina ya Mikopo ya Simu

1. Suala lenyewe

Ni desturi ya wahakiki wa Kiswahili kushughulikia shairi, riwaya na tamthilia, na kuliacha tangazo la biashara lipite kama upepo. Desturi hiyo inafaa kutazamwa upya, kwani msomaji wa leo hukutana na Kiswahili kingi katika kioo cha simu kabla hajafungua kitabu chochote. Tangu Machi 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, makampuni ya simu yamekuwa miongoni mwa watungaji wakubwa wa majina mapya katika lugha hii. Jina hilo lilivuka mpaka likafika Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2012 likaingia Kongo kwa njia ya Vodacom.

Safari hiyo ya jina si jambo dogo kwa mwanaisimu. Herufi ya kwanza ni ya Kiingereza. Pesa ni neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka Bara Hindi. Mkazi wa Lubumbashi au Bukavu, ambaye sokoni husikia zaidi feza, franga au makuta, alilipokea kama neno la Kiswahili cha mashariki. Mjini Kinshasa lilikuta sikio jingine kabisa: kwa Kilingala, pesa ni amri ya kitenzi kopesa, yaani «toa». Hivyo jina moja linasema «fedha» Goma na kuamuru «toa» Kinshasa, na halina kosa la sarufi katika mji wowote.

Makala haya hayahusu M-Pesa yenyewe, bali majina ya mikopo iliyozaliwa ndani yake na kandokando yake. Hoja inayotetewa ni kwamba majina hayo, yakisomwa pamoja kama utungo mmoja, yana kazi moja: kumwonyesha mkopaji wokovu na kumfichia deni.

2. Bahari kama sitiari

Majina matatu yanatosha kuonyesha chanzo cha taswira. La kwanza ni Okoa Jahazi, mpango wa Safaricom wa kumkopesha mteja muda wa maongezi pindi salio linapokwisha. La pili ni M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyoanzishwa Kenya Novemba 2012 kwa ushirikiano wa Safaricom na benki. La tatu ni Nivushe, mkopo wa Tigo ya Tanzania, kampuni ambayo mwaka 2024 ilibadili jina ikawa Yas.

Jahazi, shwari, kuvusha: yote ni maneno ya maji. Ijapokuwa wateja wengi wa huduma hizo wanaishi bara, mbali na mawimbi, taswira inawafikia bila taabu, kwa sababu «kuokoa jahazi» ni usemi uliokwisha kuzoeleka katika siasa na katika utangazaji wa kandanda. Hapo ndipo ustadi wa mtungaji ulipo. Hakubuni sitiari mpya. Alichukua ile iliyo mdomoni mwa watu na kuiwekea bei.

Lakini sitiari yoyote huangaza upande mmoja na kuacha mwingine gizani. Anayeokoa jahazi ni shujaa. Hadaiwi na mtu. Bahari iliyo shwari haina mhimili mwingine wa maana ila utulivu. Hakuna anayeulizwa shwari hiyo itaisha lini. Anayevushwa mto hufika ng'ambo na kuendelea na safari yake. Katika picha zote tatu wakati unakoma pale msaada unapotolewa, ilhali mkopo ni jambo ambalo wakati wake unaanzia hapohapo. Siku ya kulipa haina nafasi katika picha hizo.

3. Sarufi ya amri

Kundi la pili la majina halitoki baharini bali katika sarufi. Fuliza ni huduma ya Safaricom iliyozinduliwa Januari 2019, inayomruhusu mteja kukamilisha malipo hata kama salio lake halitoshi. Songesha ni huduma ya namna hiyohiyo ya Vodacom Tanzania. Timiza ni jina ambalo benki ya Barclays nchini Kenya iliipa huduma yake ya mikopo ya simu mwaka 2018.

Majina haya yote ni vitenzi katika hali ya amri. Kitenzi cha amri hakihitaji kiambishi cha nafsi, na kwa sababu hiyo hakimtaji mtu. Haijulikani nani anafuliza, nani anasongesha, wala nani anamtimizia nani. Linganisha na jozi ambayo Kiswahili kimeiandaa kwa shughuli hii tangu zamani: kukopa na kukopesha. Mnyambuliko wa kutendesha hapo unatenganisha wahusika wawili kwa uwazi usio na shaka. Mmoja anakopa, mwenzake anamkopesha. Kati yao pana deni. Songesha na vusha vina mnyambuliko huohuo, lakini mhusika wa pili ameondolewa. Kinachosongeshwa ni maisha au biashara. Anayenufaika kwa kusongesha hatajwi.

Nivushe ndilo jina pekee lenye nafsi, na nafsi hiyo ni ya mteja. Kiambishi ni- na kiishio -e vinaunda ombi: mnyonge anasimama ukingoni na kumwita mwenye mtumbwi. Hili ni jina la kweli zaidi kuliko mengine, kwa kuwa angalau linakiri kwamba pana mwenye uwezo na asiye nao. Hata hivyo nauli haikutajwa.

Maana za maneno yenyewe nazo hazikai kimya. Kufuliza ni kutenda bila kusita wala kupumzika. Jina lilikusudia malipo yasiyokwama. Msomaji makini anaweza kusikia pia deni lisilokwama, likichukuliwa leo, kesho na keshokutwa. Kusonga ni kwenda mbele, lakini pia ni kubana na kukaba, kama katika kujisonga. Mtungaji alichagua maana moja. Lugha imehifadhi zote mbili.

4. Neno «rahisi»

Kwa haki, lazima ikumbukwe kwamba neno mkopo liliwahi kuandikwa waziwazi. Kampuni ya Kimarekani InVenture ilipoanza kukopesha kwa programu ya simu nchini Kenya mwaka 2014, ilitumia jina Mkopo Rahisi. Baadaye jina hilo liliachwa, na huduma ikaitwa Tala.

Jina la kwanza lilikuwa na ukweli na utata kwa pamoja. Ukweli ulikuwa katika nomino: huu ni mkopo. Utata ulikuwa katika kivumishi, kwani rahisi kwa Kiswahili ni kisicho kigumu na vilevile kisicho ghali. Mkopo unaopatikana kwa dakika chache bila dhamana ni rahisi kwa maana ya kwanza. Haifuati kwamba ni rahisi kwa maana ya pili. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uhakiki huu, na inaonekana vizuri zaidi katika hesabu.

5. Ada na riba

M-Shwari ilipoanzishwa, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5. Malipo hayo yaliitwa ada, wala si riba. Neno riba, lenye asili ya Kiarabu, limebeba uzito wa hukumu ya kidini na ya kimaadili. Ada ni neno jepesi, la ofisini, linalofanana na karo ya shule. Hata hivyo anayechukua kiasi kilekile kila mwezi kwa miezi 12 atakuwa amelipa asilimia 90 ya kiasi hicho. Katika Okoa Jahazi ada ni asilimia 10, nayo hukatwa mapema: anayeomba shilingi 100 anadaiwa 100 na kutumia 90. Fuliza iliwekewa asilimia 1 ya kuingilia, kisha ada ndogo ya kila siku, ambayo ilipunguzwa mwaka 2022 baada ya malalamiko ya muda mrefu kufika kwa wakuu wa nchi.

Mwaka huohuo wa 2022 Kenya ilitoa kanuni za kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali na kuwakataza kuwatisha wadaiwa, kuwatukana, au kuwapigia simu watu walio katika orodha ya namba zao ili kuwaaibisha. Kanuni haikatazi lisilotendeka. Basi kulikuwa na lugha mbili katika biashara hiyo: moja ya kukaribisha, yenye jahazi na shwari, na nyingine ya kudai, yenye vitisho. Mhakiki akichambua ya kwanza peke yake atakuwa amesoma nusu ya kitabu.

6. Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba jina la biashara si mkataba, kwamba viwango vya ada hutangazwa, na kwamba hakuna anayetarajia bidhaa iitwe kwa kasoro zake. Watasema pia kwamba majina haya yamekipa Kiswahili heshima katika uwanja ambao wengi walidhani ni wa Kiingereza na Kifaransa tu. Hoja hizi zina nguvu. Lugha iliyoita chombo kisicho na waya kwa neno simu, ambalo kwa Kiajemi ni waya, haishindwi na teknolojia yoyote. Tena mkopo wa haraka umemfaa mama muuza samaki aliyehitaji mtaji alfajiri, wakati ambapo hakuna benki iliyo wazi.

Lakini heshima ya lugha haipimwi kwa idadi ya majina yake tu. Inapimwa pia kwa yale inayoruhusiwa kuyasema. Ikiwa Kiswahili kinaitwa kuvutia, halafu kinaambiwa kiondoke masharti yanapoandikwa, basi kimefanywa mpiga debe wa kituo cha basi: anaita abiria, lakini gari si lake na safari hasafiri.

7. Hitimisho: mafunzo kwa Kongo

Suala hili linaihusu Kongo moja kwa moja. Katiba ya mwaka 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa ambazo Dola lina wajibu wa kuzikuza. Mgawanyo huo unafungua mlango wa hatari iliyoelezwa: jina tamu kwa Kiswahili, mkataba kwa Kifaransa. Mkulima wa Kalemie au mchimbaji wa Kolwezi ana haki ya kusomewa siku ya kulipa na kiasi cha ada katika lugha ileile iliyomwita.

Wakongo wenyewe wameonyesha kwamba inawezekana kulipa deni jina lisilodanganya. Ukopeshaji wa riba kubwa baina ya watu mitaani umeitwa Bank Lambert, kwa kejeli inayomfanya kila anayeuendea ajue mapema anakwenda wapi. Jina hilo halina mshairi anayejulikana, lakini ni onyo na kicheko kwa wakati mmoja.

Kwa upande wake, Kiswahili cha wahenga kilikwisha kutoa hukumu kuhusu jambo hili: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo ina yale ambayo majina ya makampuni yameyakosa, yaani nyakati mbili, ya kupokea na ya kurudisha. Neno lake la mwisho nalo linastahili kuangaliwa. Matanga ni kilio cha msiba, maana inayoeleweka kote Kongo. Lakini pwani, matanga ni vitambaa vikubwa vinavyokamata upepo na kukisukuma chombo. Makampuni yaliyochora jahazi yalikusudia matanga ya pili. Ni kazi ya wahakiki na walimu wa lugha kumkumbusha msomaji kwamba neno hilo lina maana mbili, na kudai kwamba zote mbili ziandikwe kwenye kioo cha simu kabla kidole hakijabonyeza.