Robo Sekunde

Ukitoka mjini Kisii kuelekea Mosocho, utakuwa ukipanda na kushuka tu. Kila mlima una bonde lake na kila bonde lina kijito, na vingi kati ya vijito hivyo huishia Gucha, mto ambao Wajaluo wanauita Kuja. Maporomoko ya Keera kule Nyamira yana sifa. Ya huku mengi ni ya kimo cha mtu, na wenyeji huyajua kwa jina la boma lililo karibu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Thomson's Falls ya Nyahururu ina mita 74, na yeyote mwenye simu atatoka na picha. Mbele ya maji ya kimo cha mtu, ukubwa hauwezi kukubeba. Itabidi ujue kupiga picha.

Kijana ninayependa kumtazama, riziki yake ni kupiga picha za harusi na mazishi. Siku isiyo na mteja huteremka kijitoni mapema, kabla jua halijaingia bondeni na kutia madoa meupe kila mahali. Siku ya mawingu ndiyo sikukuu yake, na Kisii haina uhaba wa mawingu. Huzamisha miguu ya stendi mchangani mpaka iguse mwamba, kisha hutundika mkoba chini yake uongeze uzito, maana mkondo huitikisa stendi hata kama jicho halioni. Huipangia kamera ichelewe sekunde mbili ili kidole kiwe kimeshaondoka shata inapofunguka. Kabla ya hapo huipa mgongo rasharasha, hufuta lenzi, hugeuka, hutazama, hufuta tena. Halafu huizungusha filta ya kuua mng'ao, taratibu, mpaka jani la mgomba lililokuwa linameta kama bati lirudi kijani.

Swali kubwa ni muda. Shata ikikaa wazi sekunde nne, maji huwa ukungu mtupu. Wapiga picha wengi wa karne ya 19 hawakuwa na hiari, kwani sahani zao za kioo zilikuwa nzito kupokea mwanga. Leo ukungu huo ni pambo la kuchagua, na umechaguliwa mno. Ukipiga kwa sehemu ya 500 ya sekunde, unapata matone yaliyoganda hewani, utadhani mtu kamwaga ndoo. Yeye hutafuta kati, karibu na robo sekunde, mahali ambapo maji bado yana nyuzi na unaona upande yanakoelekea. Maji yakijaa hupunguza, yakipungua huongeza. Hakuna jedwali la jambo hilo.

Kinachonivutia zaidi ni rangi. Mvua ya alasiri huteremsha udongo wa mashamba, na kesho yake kijito ni kahawia. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, huusafisha ukahawia huo ukawa kijivu cha ugonjwa. Yeye huipangia rangi kwa mkono, akilinda povu lisichomeke, kwa sababu undani wa weupe ukishapotea haurudishwi na programu yoyote.

Wenye kalenda humwomba ile ya ukungu, tena isafishwe iwe nyeupe. Huwapa, ada ya shule hailipwi kwa msimamo. Mimi nilinunua ya kahawia, na nadhani alinipunguzia bei kwa mshangao.