Ufundi wa Hadithi Zinazonyima Usingizi

Mtu wa Bariadi hahitaji kufundishwa utamu wa kisa cha kutisha. Gamboshi iko huku huku kwetu, kijiji ambacho Tanzania nzima hukitaja kuwa makao makuu ya wachawi. Usiku, wasimuliaji husema, panawaka taa kama mjini na ndege zinatua. Kukipambazuka unakuta mashamba na ng'ombe. Kila anayekisimulia kisa hicho huongeza lake, hujua wapi ashushe sauti, wapi anyamaze kabisa, na huaga pale pale unapotaka kujua kilichofuata. Ufundi huo ukihamia kwenye karatasi, ndio unaotupa riwaya za kipelelezi na michezo ya redio. Naupenda, na naamini miswada yake inastahili kutunzwa kwa heshima ile ile inayopewa miswada ya wataalamu na viongozi.

Wengi huziita hadithi hizi nyepesi. Wepesi huo hutokana na jasho. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa *Kufa na Kupona*: nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na mpelelezi Willy Gamba anazifuata hadi Nairobi. Enzi hizo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Msomaji aliyekinunua kitabu kwa ajili ya risasi na warembo alijikuta akihofia uhuru wa watu wa Kusini mwa Afrika, bila kuhutubiwa.

Redio inadai zaidi. Hapo mwandishi hana jalada wala picha. Ana masikio ya msikilizaji tu. Utazame ukurasa wa mchezo wa redio: jina la mhusika pembeni, maneno yake mbele, na katikati ya mistari maagizo ya sauti, yaani mlango, nyayo, honi ya lori. Mhusika akikaa kimya kwa muda, kwa msikilizaji ameshaondoka chumbani. Kwa hiyo lazima mwenzake amtaje jina, tena kwa namna isiyojulikana kuwa ni ujanja wa mwandishi. Sentensi ikizidi pumzi ya mwigizaji, inakatwa.

*Twende na Wakati*, mchezo ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulijengwa hivyo. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, hakuletwa ili afe mara moja kwa UKIMWI na kutupa funzo. Tulipewa muda wa kumzoea, kumkasirikia na kumhurumia Tunu, mkewe. Huku Usukumani, aliyeishiwa betri alizianika juani apate angalau sehemu moja zaidi. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa Dodoma, ili watafiti walinganishe mabadiliko ya wasikilizaji na ya wasioupata. Nguvu ya ufundi huo ilipimwa, ikaonekana.

Kwa nini basi kutunza miswada, wakati kitabu kipo na kipindi kilishasikika? Jibu mojawapo liko Missouri, Marekani. Lester Dent, mwenyeji wa mji mdogo wa La Plata, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya hadithi za shujaa Doc Savage zilizotoka kati ya 1933 na 1949. Jaladani palisomeka Kenneth Robeson, jina la mchapishaji lililotumiwa na waandishi kadhaa. Dent aliandika na michezo ya redio. Karatasi zake zimehifadhiwa na chama cha historia cha jimbo hilo, na humo mtu anaona kazi ni ya nani na ilifanywaje. Kanuni yake ilikuwa kuigawa hadithi ya maneno 6,000 katika sehemu nne za 1,500, na kila sehemu kumtia shujaa matatani zaidi.

Kwetu pia tunajua thamani ya karatasi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza mkusanyiko wa Hans Cory, aliyeandika sheria na mila za Wasukuma. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Isingekuwa mswada uliotunzwa miaka yote hiyo, leo tusingekuwa na wahusika wake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Basi familia za waandishi wa visa vya kipelelezi zisiuze makaratasi yao kwa wafunga vitumbua. Vituo vya redio vya mkoani Simiyu vihifadhi maandishi ya michezo yao, pamoja na barua za wasikilizaji. Yupo kijana wa Maswa au Meatu anayeandika hadithi kwenye daftari la shule, akikata tamaa kila anapofuta mstari. Aonyeshwe kurasa za waliomtangulia, zilizokatwa kwa kalamu na kuandikwa upya pembeni, ajue kwamba kufuta ndiyo kazi yenyewe.