Joto, Halijoto na Vishungi vya Jua: Uhakiki wa Istilahi

Mtafsiri wa maandishi ya sayansi hupata taabu pale neno moja la mazungumzo linapobebeshwa dhana mbili za kitaalamu. Neno joto ni mfano mzuri. Makala haya yanakusudia kuonyesha madhara ya mazoea hayo katika uwanja mmoja: upimaji wa plazma ya Jua kwa spektroskopia ya urujuanimno.

Tuanze na kinachopimwa. Jua linapopatwa kikamilifu, hasa katika miaka ambayo madoa yake ni machache, huonekana michirizi myembamba ya mwanga iliyosimama juu ya ncha zake mbili. Kuiita michirizi hiyo moshi ni kupotosha, kwani hakuna kinachoungua. Kuiita manyoya ni tafsiri sisisi. Kiswahili kina neno kishungi, lile fungu la manyoya lisimamalo juu ya kichwa cha ndege. Nasi twaona kuwa vishungi vya ncha yafaa zaidi, kwa sababu hutaja umbo bila kudai chanzo.

Istilahi urujuanimno nayo ina kasoro. Kiambishi -mno hudokeza kuzidi kwa rangi, ilhali maana iliyokusudiwa ni mwanga ulio nje ya urujuani, usioonekana kwa macho. Hata hivyo, neno limekwisha kuzoeleka shuleni. Kulibadilisha sasa kungeleta hasara kuliko faida. Linalotakiwa ni mwalimu kulifafanua.

Kosa la joto ni zito zaidi. Sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno huzuiwa na angahewa, hivyo vipimo huchukuliwa angani. Ala za SUMER na UVCS, zilizokuwamo katika chombo SOHO kilichorushwa mwaka 1995 na mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani, hazikupeleka kipimajoto kwenye Jua. Zilipima mistari ya spektra: mng'ao wake na upana wake. Kwa kulinganisha mng'ao wa mistari miwili ya ayoni za silikoni, yenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 144 na 145, wataalamu walikadiria msongamano wa elektroni. Na kwa mistari ya magnesi, halijoto yake. Ilibainika kuwa plazma ya vishungi ina msongamano mkubwa kuliko ile iliyo kati yao, na halijoto ya elektroni zake ni ya chini kidogo, pungufu ya kelvini milioni moja.

Upana wa mstari una habari nyingine. Hutokana na mwendo wa ayoni, na mwendo huo una asili mbili: halijoto yenyewe, na mawimbi au misukosuko ya plazma. Mistari ya oksijeni iliyopimwa na UVCS juu ya ncha, mbali na uso wa Jua, ilikuwa mipana kiasi kwamba upana huo ukihesabiwa wote kuwa ni halijoto, hupatikana zaidi ya kelvini milioni 100. Mtafsiri akiandika kuwa "oksijeni ina joto la milioni 100", amekosea mara mbili. Kwanza, amegeuza makadirio kuwa kipimo. Pili, amemfanya msomaji adhani kuna tanuri kali mno, ilhali plazma hiyo ni nyembamba mno, na nishati ya joto iliyomo katika kila mita ya ujazo ni ndogo.

Wako wasemao kuwa halijoto ni neno la vitabuni. Ni kweli, lakini mwanafunzi asiyepewa tofauti hii kwa lugha yake ataipata kwa lugha ya kigeni, au ataikosa kabisa.

Kwa hiyo tunapendekeza: joto libaki kwa nishati, halijoto itumike kwa kiwango, na kiasi kinachokisiwa kutokana na upana wa mstari kiitwe halijoto ya mwendo. Maoni ya wasomaji, hasa walimu wa fizikia, yatapokelewa kwa shukrani.