Osborne aliondoka Iringa na deni

Mwanafunzi wa chuo anayejitolea kwenda sekondari kuonyesha majaribio ya fizikia huambiwa kwamba anawasaidia wadogo zake. Ni kweli, ila faida kubwa huwa anarudi nayo yeye. Ushahidi upo Iringa, safari ya kilomita 260 hivi kutoka Dodoma kwa njia ya Mtera.

Miaka ya 1960 Denis Osborne, mwalimu wa fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, Iringa. Mmoja wao, Erasto Mpemba, akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya 100, kiasi kilekile, yakiwekwa kwenye friza, ya moto huganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakamcheka. Yeye aliyaona hayo shuleni Magamba, Lushoto, 1963, alipowahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Osborne hakujitutumua kujibu. Aliahidi kujaribu, na jaribio likafanywa. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini: bika zilitiwa mililita 70 za maji kila moja, zikakalishwa juu ya kipande cha povu ili zisipoe kwa kugusana na sakafu ya friza. Maji yaliyoanza na nyuzi 25 ndiyo yaliyokawia zaidi kuanza kuganda. Ya 90 yaliyatangulia. Yalipofunikwa kwa utando wa mafuta, yalichelewa mno, dalili kwamba joto lilitokea juu zaidi. Makala ilitoka 1969, majina mawili, la mwalimu na la mwanafunzi. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa maana.

Sasa mweke kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mbele ya Kidato cha Pili, sufuria jikoni, kipimajoto mkononi. Kitabu kinasema maji hutokota kwenye nyuzi 100. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yanatokota, zebaki imegota kwenye 96. (Hata ile 100 ya Mpemba, naona ilitoka kitabuni.) Kwenye mtihani angeandika “kanieneo ya hewa” akapata alama zake. Hapa binti wa nyuma anauliza kama kipimajoto ni kibovu, na inabidi atafute njia ya kumwonyesha kuwa si kibovu.