Magendo ya Karafuu na Hoja ya "Upinzani wa Wanyonge"

Imeenea hoja miongoni mwa wasomi wa vyuo vikuu, na baadhi ya vijana wetu wameipokea, kwamba anayevusha bidhaa mpakani kwa siri na kukwepa ushuru si mkosaji bali ni mpinzani wa dhulma. Hoja hii hutegemezwa sana kwenye kitabu cha Mmarekani James Scott, Weapons of the Weak, kilichotoka mwaka 1985. Scott aliishi na Waislamu wakulima wa mpunga huko Kedah, Malaysia, akaona wanyonge wakipinga bila kuandamana: hujivuta kazini, hujifanya hawajui, hupunguza zaka inayodaiwa na ofisi ya serikali. Waliomfuata wakaipeleka hoja hiyo hadi kwenye magendo.

Kitabu kina faida, kwani kimemwona mkulima ambaye wengi humpita. Lakini neno "upinzani" halitoshi kupimia hukumu. Wakulima wale ni Mashafii, na kwa kauli mpya ya Imamu Shafii (R.A.) mwenye mazao anaruhusiwa kuigawa zaka yake mwenyewe. Aliyemnyima karani akampa jirani fukara ametimiza faradhi. Aliyemnyima karani akabaki nayo amekula haki ya fukara. Ukiwaita wote wawili wapinzani, umeipoteza tofauti iliyo kubwa kuliko zote.

Tuje kwetu. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa usiku kwenda pwani ya Kenya, kwa kuwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ndilo pekee lililoruhusiwa kuzinunua, na bei yake ilikuwa duni. Fukaha hawakulinyamazia jambo kama hili. Ibn Taymiyya, katika risala yake ya al-Hisba, ameeleza kwamba watu wakizuiwa kuuza ila kwa wanunuzi maalumu, ni wajibu wanunuzi hao wanunue kwa thamani ya mfano, yaani bei ya haki. Basi wa kwanza kuulizwa ni mnunuzi. Wenzetu wanaohutubia dhidi ya magendo hulipita hili kimya, na hatuoni udhuru wao.

Hata hivyo, mwenye mikarafuu michache hana mashua wala mtaji. Humuuzia mlanguzi, naye mlanguzi humkata vilevile, ila kwa kisu kifupi zaidi. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha bei, kwa sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo yakapungua sana. Kweli, mwaka 2010 iliundwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa na nyoyo zikatulia. Lakini karafuu hupimwa kwa kilo, na kilo ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo mkulima aliyepunjwa tunamhesabu kuwa mdhulumiwa, na imamu anayeulizwa juu yake aanze kwa kuuliza bei. Ama mlanguzi anayempa askari rushwa ili apite, huyo ana mlango wake katika fiqhi, nao si mlango wa wanyonge.