Gramu 200 katika Kilo 100

Mtengeneza chakula cha samaki aliye hodari hutambulika kwa namna anavyokishughulikia kiungo kidogo kuliko vyote. Dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa na pumba za mahindi hupimwa kwa kilo na kugeuzwa kwa beleshi. Prebaiotiki hupimwa kwa gramu. Kwa kiwango cha asilimia 0.2, kilo 100 za chakula cha sato huwekewa gramu 200 tu, na gramu hizo sharti zienee hata kila samaki kizimbani apate fungu lake.

Fundi hazimwagi juu ya rundo. Huanza kwa kuchekecha vitu vyote, maana chenga kubwa na unga laini havikai pamoja, ukivitikisa vinaachana. Kisha huchanganya gramu zile na kilo moja ya pumba laini, akageuza na kugeuza mpaka asione tena kipi ni kipi. Mchanganyiko huo huingia katika kilo 10, na hizo kilo 10 ndizo ziingiazo katika rundo zima. Kazi hii huchosha mikono na haina njia ya mkato. Nawaheshimu sana wanaoifanya bila kuruka hatua, kwa sababu chakula kilichochanganywa ovyo na kilichochanganywa vizuri hufanana kwa macho, na aghalabu hakuna wa kuwakagua. Baadaye huja maji, mashine, na kuanika kwa tabaka jembamba mpaka punje ikivunjwa ikatike kwa mlio. Punje yenye unyevu huota ukungu, na hakuna kiongezo kitakachookoa chakula kilichoingia sumukuvu.

Gramu hizo zinafanya nini? Prebaiotiki nyingi ni wanga ambao samaki mwenyewe hawezi kuumeng'enya. Hupita ukiwa mzima na kuwafikia bakteria wa utumboni, nao ndio wanaoula. Glenn Gibson na Marcel Roberfroid walilieleza wazo hilo mwaka 1995 wakizungumzia utumbo wa binadamu. Wataalamu wa mifugo na samaki wakalipokea. Inulini hutoka kwenye mizizi ya chikori. Manani hutoka kwenye kuta za seli za chachu ile ile iumuayo mkate. Bakteria wakila, hutoa asidi ambazo seli za ukuta wa utumbo huzitumia kama nishati. Manani ina kazi nyingine ninayoistaajabia: baadhi ya bakteria waharibifu hujishikiza utumboni kwa vinyweleo vinavyotafuta sukari ya manosi. Wakiikuta manosi ndani ya chakula, hunasa hapo na kutoka nayo kwenye kinyesi.

Sato anafaa kwa kazi hii. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili, na bakteria waliomo humtengenezea vitamini B12 ya kumtosha, hata haihitaji kwenye chakula.

Hata hivyo, kuzidisha si kuongeza faida. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya kuwalisha samaki aina ya chari wa maji baridi chakula chenye inulini asilimia 15. Seli za utumbo wao ziliharibika. Na hata kwa kipimo cha wastani, majibu hutofautiana kwa aina ya samaki, umri wake na chakula cha msingi. Katika maji safi, samaki aliyeshiba vizuri huenda asionyeshe tofauti yoyote.

Kwa hiyo nusu ya pili ya ufundi iko kwenye mizani. Mfugaji makini huweka vizimba vya kulinganisha: samaki wa umri mmoja, idadi moja, chakula kile kile, tofauti ikiwa kiongezo peke yake. Kila baada ya wiki mbili huvua sampuli asubuhi kabla ya kulisha, hupima haraka, hurudisha majini, huandika. Huandika pia kilo za chakula alichotoa, kwa sababu uzito wa samaki bila hesabu ya chakula haujasema kitu. Chakula hula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji wa samaki.

Muuzaji akikuletea mfuko wa prebaiotiki, muulize ni ya aina gani, kwa samaki gani, kwa kiwango gani. Kisha nunua kidogo, tenga vizimba vya kulinganisha, na uamue kwa daftari lako.